Re: Nyayo nyeusi kwenye grini

Wakubwa, shikamooni.
Nimeanza kazi ya kutunza nyasi kwenye kiwanja cha gofu, na huu ndio msimu wangu wa kwanza wa baridi. Juzi alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Nikakatisha grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo la mpira, kwenda kuchomeka bendera, hatua kama kumi tu. Leo nyayo zangu zote zimejichora nyeusi, mpaka meno ya soli ya buti yanasomeka. Msimamizi hasemi kitu, anapita tu na kuzitazama. Je, nimeua nyasi? Na theluji ikianguka niiondoe au niiache?

——

Marahaba, mdogo wangu. Lala usingizi. Sakitu ikikaa juu ya jani, hata maji ya ndani ya jani huwa yameganda, sasa ukikanyaga, seli zinapasuka. Kilichokufa ni jani. Kama lile shina fupi lililo usawa wa udongo, majani yanakochipukia, ni zima, nyasi zitarudi. Ila kwenye baridi hazikui, kwa hiyo hizo nyayo utakuwa nazo kwa muda mrefu. Ndiyo maana wachezaji huzuiwa mpaka sakitu iyeyuke yenyewe, wanune wasinune. Ukitaka uhakika, kata kipande cha upana wa kiganja, kiweke ndani penye joto na mwanga, ukinyweshe. Ndani ya wiki moja au mbili utajua.

Theluji iache, ni blanketi. Inakinga upepo mkavu unaonyonya maji ya majani wakati mizizi haiwezi kuyarudisha. Cha kuogopa ni barafu. Mvua ikinyesha juu ya theluji kisha usiku ukagandisha, unapata bamba lisilopitisha hewa. Chini yake mimea na vijidudu vya udongo vinaendelea kupumua, oksijeni inakwisha, gesi zinabaki humohumo. Nyasi za Poa annua, zile zinazojiotea zenyewe kwenye grini nyingi za zamani, huanza kufa chini ya barafu baada ya siku 45 hadi 60 hivi. Agrostis stolonifera, nyasi nyingine ya grini, huweza kuvuka siku 90. Kwa hiyo siku barafu inapofunga, andika tarehe ukutani. Mimi hutoboa tundu na kunusa. Ikitoka harufu ya uozo, kama ya dimbwi lililolala, naanza kuivunja. Si kwa hasira, maana koleo halijui barafu inaishia wapi na nyasi zinaanzia wapi. Mchanga mweusi ukitawanywa siku ya jua hushika joto na kukusaidia.

Mwisho wa baridi ndio mbaya zaidi. Mchana barafu inayeyuka, shina linakunywa maji, usiku baridi kali inarudi ghafla na shina linapasuka. Udongo wa chini bado umeganda, maji hayana pa kuzama. Tafuta sasa hivi yanapotuama, uyafungulie njia ukingoni.

——

Kaka hapo juu amesema vizuri, ila hiyo blanketi ina wapangaji. Kuvu wa Typhula hustawi theluji ikikaa miezi miwili hivi juu ya udongo usioganda. Ikiondoka unakuta madoa ya kijivu yenye vipunje vya kahawia vidogo kama haradali. Microdochium, kuvu mwingine, hangoji theluji, unyevu na ubaridi vinamtosha, na madoa yake huwa na ukingo wa waridi. Dawa hupigwa kabla theluji ya kudumu haijaanguka. Mbolea ya nitrojeni nayo muipunguze mapema. Mahali nilipokuwa zamani tuliimwaga mwishoni mwa vuli ili wageni waone kijani. Kijani walikiona. Majani yakawa laini, na theluji ilipoondoka grini mbili zilikuwa kama zimemwagiwa majivu.

Mdogo wangu, mabomba ya kunyunyizia mmeshayapuliza kwa kompresa? Maji yakigandia ndani, mtachimba kiwanja kizima kutafuta ufa.

——

Asanteni sana. Nilikata kipande penye unyayo, nikakiweka dirishani kwenye kibati. Leo ni siku ya tisa. Katikati ya majani meusi kimechomoza kijani chembamba kama uzi. Nimempelekea msimamizi, akakigeuza geuza, akacheka, akanirudishia.

Mabomba yalikuwa bado. Kompresa inakuja kesho.