Namna ya kutambua aina za virai katika sentensi za Kiingereza

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Ninajifunza sarufi ya Kiingereza, na kinachonitatiza ni kutenganisha virai, yaani mafungu ya maneno yanayojengwa juu ya neno kuu moja, vilivyomo ndani ya sentensi moja. Chukueni mfano huu: "The letter from her brother arrived last week." Mwenzangu anasisitiza kwamba "last week" ni kirai kielezi kwa kuwa kinaonyesha wakati, ilhali kitabu ninachotumia kinakiita kirai nomino. Nishike lipi? Na je, "from her brother" ni kirai kihusishi, au ni sehemu tu ya kirai nomino?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, kitabu chako kiko sahihi. Aina ya kirai huamuliwa na neno lake kuu, si na kazi ambayo kirai hicho kinafanya katika sentensi. Neno kuu la "last week" ni "week", nalo ni nomino; kwa hiyo tunacho kirai nomino, ingawa hapa kinafanya kazi ya chagizo ya wakati, yaani kinaeleza tendo lilifanyika lini. Kihamishie kwenye nafasi ya kiima, useme "Last week was difficult", utaona kwamba kirai ni kilekile na kilichobadilika ni kazi tu. Naona ni vibaya sana kufundisha aina na kazi kana kwamba ni jambo moja, maana hapo ndipo wanafunzi wengi wanapopotea.

Kuhusu "from her brother", yote mawili uliyotaja ni kweli, kwa sababu kirai huweza kukaa ndani ya kirai kingine. Kinachokiongoza ni kihusishi "from", hivyo ni kirai kihusishi, lakini kimo ndani ya kirai nomino kikubwa zaidi. Weka "it" uone: "It arrived last week." Kiwakilishi hicho kimechukua nafasi ya "the letter from her brother" yote, wala hakikuacha kitu nyuma.

Jibu la pili

Naunga mkono, ila jihadhari na maneno yanayofanana na vihusishi. Katika "She turned off the road", maneno "off the road" ni kirai kihusishi. Katika "She turned off the light", "off" imeshikamana na kitenzi, na "the light" ni kirai nomino kinachosimama peke yake kama yambwa, yaani kitu kinachotendewa. Kipimo chake ni kuihamisha "off": "She turned the light off" inakubalika kabisa, lakini hakuna asemaye "She turned the road off".

Muulizaji

Nimewaelewa vizuri, asanteni. Basi "after the rain" na "after the rain stopped" vyote ni virai vihusishi?

Jibu la kwanza

Hapana, ndugu. Cha kwanza ni kirai kihusishi. Cha pili kina kiima, "the rain", pamoja na kitenzi chake, "stopped". Hicho ni kishazi tegemezi, yaani fungu lenye kiima na kitenzi lakini lisiloweza kusimama peke yake kama sentensi.