Boti iko Ontario na baridi inakuja: nimwage maji tu, nijaze kulanti, au nilipie ghala la joto?

Mvuvi_wa_Langata: Habari za jioni wakuu. Nimenunua boti Kanada, futi 19, nataka kuileta Naivasha. Binamu yangu ambaye ndiye wa kuipakia kwenye kontena yuko huku nyumbani hadi Aprili, kwa hivyo boti italala Ontario, karibu na Georgian Bay, msimu wote wa baridi. Yadi inayoitunza imenipa njia tatu na inataka jibu Jumatatu. Kumwaga maji tu. Kumwaga kisha kujaza ile kulanti ya waridi, ya kuzuia maji yasigande ndani ya injini. Au kuiweka kwenye ghala lenye joto, na hapo bei inaruka karibu mara tano ya ile ya kwanza. Naegemea ya kwanza, pesa ya kontena bado naitafuta. Mnasemaje?

Grogan_Spea: Injini gani?

Kadzo_Mtwapa: Ndugu yangu, umetupa hadi rangi ya kulanti na injini hujaitaja. Ni ya kupachika nyuma au ya ndani? Kama ni ya kupachika, iache imesimama wima, maji yashuke yenyewe, ubadilishe oili ya gia, basi. Huna haja ya kulipa mtu pesa ndefu. Kama ni ya ndani, hapo ndipo tunaanza kuongea.

Mvuvi_wa_Langata: Ni ya ndani, yenye mguu wa nje (ile sehemu yenye pangaboi inayoning'inia nyuma ya boti). MerCruiser 4.3, V6, ya 2006.

Grogan_Spea: Inavuta maji ya ziwa moja kwa moja hadi kwenye bloku, yaani kiwiliwili cha chuma cha injini, ama ina mzunguko wake wa kulanti kama gari?

Mvuvi_wa_Langata: Sijui. Nimwulize nani?

Grogan_Spea: Uliza yadi, uwaambie watume picha. Nyingi za aina hiyo huko kwenye maji baridi huvuta ya ziwa, na hiyo ndiyo hatari yako. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na chuma cha bloku hakitanuki kumpisha mtu.

Kijana_Rongai: Bosi si welshi plagi, vile vizibo vya bati ubavuni mwa bloku, zitaruka kwanza? Ndiyo kazi yake, bloku inapona.

Grogan_Spea: Hapana. Hayo ni matundu ya kutolea mchanga wakati wa kusubu bloku, halafu yanazibwa. Wakati mwingine barafu huzisukuma zikatoka, wakati mwingine bloku hupasuka nazo zimekaa pale pale. Usijenge hesabu yako juu ya hizo.

Kijana_Rongai: Fundi wangu ndiye aliniambia.

Grogan_Spea: Fundi wako amewahi kuona barafu nje ya friji?

Kinangop_Viazi: Tuheshimiane. Huku kwetu sakitu huunguza viazi shambani hadi vinakuwa vyeusi. Baridi tunaijua.

Wanjiku_Minnesota: Sakitu ya Kinangop inayeyuka jua likitoka, kaka. Huku tunafika -30 na inakaa. Nitaeleza kilichotukuta mwaka ule tulipoleta injini nyumbani, mwenye boti asome vizuri.

Mume wangu alinunua injini ya ndani kwa yadi moja huku, nisiitaje. Risiti ilisema imeandaliwa kwa baridi, na kweli mabomba yalikuwa yanatoka kulanti ya waridi. Tukaridhika. Ikasafiri hadi Mombasa, ikapanda lori hadi Naivasha, fundi akaifunga kwenye boti ya shemeji. Ikawaka vizuri kabisa, watu wakapiga picha. Baada ya muda mfupi majini, fundi akavuta kijiti cha oili, ikatoka kama chai ya maziwa. Wakadhani ni gaskiti ya hedi. Wakafungua, wakabadilisha, oili ikarudi kuwa maziwa. Ndipo mzee mmoja pale ufukweni akakwangua rangi ubavuni mwa bloku kwa msumari. Ufa ulikuwa umelala pale kwa urefu, umepakwa rangi safi juu yake. Na ule wa ndani, uliokuwa unapeleka maji kwenye oili, hata usingeuona.

Kilichotokea tulikuja kuelewa baadaye. Walivuta kulanti kupitia kwenye mguu injini ikiwa baridi. Themostati, ile vali inayofunguka injini ikipata joto, ikiwa imefunga, kulanti inapita kwenye manifoldi (njia za moshi ubavuni mwa injini) na kutoka nje kwa eksozi, bloku inabaki na maji yake ya ziwa. Anayeangalia anaona waridi inatoka, anasema kazi imekwisha. Yadi haikurudisha hata senti. Injini ile iliuzwa kwa kilo, vyuma vikuukuu.

Kwa hivyo jambo la kuuliza si kulanti au hakuna kulanti. Uliza kama wanafungua plagi za bloku, zile za kumwagia maji, KWANZA.

Kadzo_Mtwapa: Pole mama. Hapo ndipo nasema mwaga tu! Hewa haigandi. Plagi kila upande wa bloku, chini ya kila manifoldi, na ile hozi kubwa ya pampu. Usipoona maji yakitoka usifurahi, chokonoa tundu kwa waya, huwa limezibwa na kutu na mchanga.

Grogan_Spea: Na bloku ikae tupu miezi mitano ipate kutu? Mwaga, funga, kisha jaza kulanti kupitia hozi za juu. Kama kuna kidimbwi kimebaki kwenye kona, kinachanganyika na kulanti badala ya kuganda peke yake.

Kadzo_Mtwapa: Kikichanganyika inakuwa nyepesi, nguvu inapungua.

Grogan_Spea: Ndiyo maana nimesema mwaga kwanza. Soma bwana.

Kijana_Rongai: Mimi nimeona hiyo kulanti mtandaoni imeandikwa -50. Ontario haifiki hapo, si basi?

Wanjiku_Minnesota: Hiyo -50 ni Fahrenheit, kama -46 ya kwetu. Na ni kiwango cha kutopasua mabomba, si cha kutoganda. Inaanza kuwa uji mapema sana kabla ya hapo. Ni sawa, uji hausukumi kama barafu ngumu, lakini ikitiwa maji hesabu hiyo imeharibika. Pia mhakikishe ni propilini glaikoli. Ile ya kijani ya magari ni sumu, na majira ya joto inamwagikia ziwani.

Mvuvi_wa_Langata: Asanteni. Na ghala la joto?

Wanjiku_Minnesota: Ni zuri mpaka stima ipotee usiku wa dhoruba. Hata humo wengi humwaga maji. Betri itolewe pia: iliyojaa chaji inavumilia hata chini ya -50 ya Selsiasi, iliyokufa inaganda karibu -7.

Kinangop_Viazi: Swali la mjinga: kwa nini usinunue Yamaha ya stroki mbili hapa hapa? Spea ziko Nairobi, na mafundi wa pale ziwani wanazifungua wakiwa wamefumba macho.

Grogan_Spea: Hilo si la mjinga. Naivasha iko karibu mita 1,890. Injini isiyo na taabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Hiyo V6 itafika pale imepungua karibu asilimia 19, na pangaboi iliyokuja nayo itakuwa nzito kwake. Tafuta yenye pichi ndogo, yaani mbawa zisizolala sana, kabla ya kupakia, huko ni rahisi kuipata.

Kadzo_Mtwapa: Na magugu maji yataziba njia ya maji yake. Halafu viboko. Boti futi 19 ya kukimbia unaenda kuikimbizia wapi pale? Ilete Mtwapa.

Mvuvi_wa_Langata: Nimeshalipa jamani.

Kijana_Rongai: Ushuru umepiga hesabu? Si kuna ile sheria ya kutoingiza nchini chombo kilichozidi miaka minane?

Kadzo_Mtwapa: Hiyo ni ya magari. Kwa boti aongee na wakala wa forodha, na KMA, mamlaka ya vyombo vya majini, wataikagua kabla ya leseni.

Mvuvi_wa_Langata: Yadi wamejibu, inavuta maji ya ziwa. Kuhusu plagi wanasema "tunafuata utaratibu wetu wa kawaida." Hiyo ina maana gani?

Wanjiku_Minnesota: Ina maana uwaombe picha ya plagi zikiwa mkononi.

Grogan_Spea: Na ya maji yakitoka.

Kadzo_Mtwapa: Mimi bado nasema mwaga tu.

Ekseli_Mbili: Samahani kuingilia. Nina trela ya boti, inabeba hadi futi 22, iko Utawala. Matairi mapya. Mwenye boti aniandikie faraghani.

Kinangop_Viazi: Inaweza kubeba viazi?