Eti "si umepanda ngazi mwenyewe?" Huyu daktari ana roho gani jamani

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi na mikono bado inatetemeka, herufi zikikosewa mnivumilie maana sirudi kusahihisha. Simtaji, mnamjua. Yeyote aliyewahi kukaa mbele ya ile meza na ugonjwa usioonekana kwenye karatasi anamjua. Anaangalia kompyuta, anaangalia saa, anaangalia mlango, wewe hakuangalii hata kwa bahati mbaya.

Huu ni mwezi wa 8 tangu niugue korona. Homa iliisha ndani ya wiki moja nikashukuru Mungu nikajua yameisha, kumbe ndo kwanza, ndo hii wanayoiita korona ya muda mrefu. Nikisimama kupiga mswaki moyo unaenda mbio kama nimefukuzwa na mbwa kumi. Nimepima na kile kidude cha kubana kidoleni, nimelala mapigo 74, nimesimama dakika tano 121. Oksijeni 98. Hiyo 98 ndo imeniponza, kila anayeiona ananipa hongera kama nimefaulu mtihani. Nasoma ukurasa mmoja mara nne na bado sijui umesema nini. Juzi nimesimama katikati ya chumba nimeshika taulo nikashindwa kukumbuka kama nimeoga au ndo naenda kuoga, nikagusa nywele kuangalia kama zimelowa.

Sasa chumba chake kiko ghorofa ya pili na lifti mbovu. Ngazi nimezipanda kwa mafungu. Ya saba nikakaa. Kwenye kona nikakaa tena. Mama mtu mzima ana fimbo kanipita pale chini, akageuka akaniambia pole mwanangu. Juu nikakaa benchi mpaka vidole vikaacha kufa ganzi, nikajifuta jasho, nikatengeneza sauti, ndo nikagonga.

Sijafika hata nusu ya maelezo, yeye macho kwenye kompyuta, ananiuliza "huku juu umefikaje?" Nikasema kwa ngazi, daktari. AKACHEKA. "Si umepanda ngazi mwenyewe? Mgonjwa gani anapanda ghorofa mbili?" Na yule mwanafunzi wake aliyekaa pembeni na daftari akacheka pia, sijui kwa kumwogopa sijui kwa nini.

Si umepanda ngazi mwenyewe! Kwa hiyo ningebebwa mgongoni ndo ningeaminika? Ningefika na jeneza?

Halafu akamalizia anza kukimbia asubuhi, vipimo vyako safi, haya mawazo tu. Dakika nne nzima. Ngazi zilinichukua dakika kumi na tano, yeye dakika nne.

Na kinachonichoma, huu ugonjwa haudai papo hapo. Nimepanda leo, malipo yanakuja kesho jioni au kesho kutwa, nitalala kama gogo, mwanga unauma, sauti ya kijiko inauma. Yeye hatokuwepo. Yeye ameniona nimesimama, basi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliandika ufafanuzi wake tangu Oktoba 2021: dalili zipo miezi mitatu baada ya maambukizi, zimedumu angalau miwili, hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Uchovu, pumzi, kichwa kushindwa kufikiri. Si mimi niliyetunga! Halafu mtu ananicheka kwa sababu ya NGAZI.

Kiti cha Nyuma: Uzi wote huu umeandika mwenyewe? Basi nguvu unazo 😂😂

Mleta uzi: Nimeandika nimelala chali simu imeegemea mto, nimepumzika mara tatu. Na wewe ni ndugu yake, nimekutambua kwa kicheko.

Mama Wawili: NDO YEYE!! Mimi aliniambia nina mawazo ya kukosa mwenza. Nina mwenza miaka kumi na mbili na alikuwa amekaa pale nje kanishikia mkoba.

Bati Jipya: Korona si ilishaisha nyie? Kila mtu akichoka siku hizi anasingizia korona.

Mpimaji: Mkuu, tarehe 5 Mei 2023 WHO walitangaza mwisho wa hali ya dharura, hawakutangaza mwisho wa ugonjwa. Mleta uzi, pole sana. Hayo mapigo yako usiyapuuze. Lala dakika tano upime, simama bila kuegemea kitu upime kila dakika mpaka dakika kumi, andika. Yakipanda 30 au zaidi na yakabaki juu, kwa mtu mzima hicho ni kitu kinachojulikana na kina jina, tafuta daktari mwingine umpelekee hiyo karatasi. Na hizo mbio za asubuhi usianze kama kila ukijituma unaanguka baada ya siku moja mbili. Waingereza wenyewe kwenye mwongozo wao wa uchovu sugu wa 2021 waliacha kupendekeza mazoezi ya kuongeza kila wiki. Pumzika KABLA hujachoka, ukingoja uchoke umeshachelewa.

Mleta uzi: Asante mkuu, ubarikiwe. Dakika nne alizonipa yule hajanipa hata robo ya haya. Na bado nakiona kile kicheko.

Pua Mbovu: Bora wewe una moyo tu. Mimi tangu 2020 pua haijarudi sawa. Mwanzo sikunusa kitu, miezi ikapita, ikarudi imeharibika, sabuni inanuka kama mpira unaoungua. Kitunguu kikikaangwa nyumba ya jirani natoka nje natapika. Mtoto wangu mchanga nilikuwa sisikii harufu yake, hilo mtu akilicheka nitampiga.

Mama Wawili: @Pua Mbovu pole mama, hilo la mtoto limeniliza.

Kiti cha Nyuma: Sasa mtu kupanda ngazi na kutapika kitunguu nani mgonjwa zaidi? Tupige kura.

Mtaalamu wa Ukoo: Hamna anayewaamini nyie kwa sababu wagonjwa hamjisemei. Hata hilo jina la korona ya muda mrefu lilianzishwa na mgonjwa, Elisa Perego wa Italia, aliliandika Twitter Mei 2020, madaktari wakafuata nyuma.

Nusu Siku: Daktari kakucheka mara moja, mimi bosi ananicheka kila Jumatatu. Nimeomba nifanye kazi nusu siku, akasema mbona Ijumaa ulikuwa mzima. Ijumaa nilikuwa mzima kwa sababu Alhamisi nililala siku nzima!!

Bati Jipya: Nusu siku mshahara mzima, nani asiyetaka.

Nusu Siku: Nani kakwambia mzima? Umekatwa na bado unasemwa, wewe unajua nini.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye ngazi. Mtu kacheka mbele ya mwanafunzi, yule mwanafunzi kesho naye ni daktari, atacheka mgonjwa wake.

Kimya Kingi: Mimi wa kwangu si daktari wala bosi, ni wifi. Siku nikiamka nina nguvu nikafua anasema kumbe unaweza. Siku nikilala anasema jana si ulifua. Nguo tano tu nilifua, nimekaa kwenye kigoda.

Mama Wawili: Mawifi wana chuo chao wanachosomea haya maneno.

Pua Mbovu: Wa kwangu alinipikia vitunguu makusudi anipime kama nitatapika.

Kimya Kingi: Ukatapika?

Pua Mbovu: Miguuni kwake.

Mama Wawili: 😂😂😂 Fungua uzi wako mama, hii isipotee humu.