James Webb inaonaje jiwe la mita 10 kule mbali?

mtoto_wa_kibokoni: Asalaam aleikum wanajamvi. Nimesoma kuwa darubini ya James Webb imenasa asteroidi, yaani mawe yanayozunguka jua, hata ndogo za mita 10 kwenye ule ukanda wa kati ya Mirihi na Mshtarii. Mita 10 jamani, na kule ni mamilioni ya kilomita! Yawezekanaje?

bahari_na_nyota: Waaleikum salaam ndugu yangu. Siri ni joto. Mawe mengi ya kule ni meusi, mwanga wa jua yanarudisha kidogo sana, lakini jua linayapasha na lile joto linatoka kama infraredi ambayo macho yetu hayaioni. Nenda Fort Jesus jua likishatua uegemee ukuta, utausikia bado una moto na giza lishaingia. Webb imeundwa kuona joto kama hilo, kioo mita 6.5, na imewekwa kilomita milioni 1.5 toka duniani nyuma ya ngao ya kuikinga na jua, maana ikipata joto yenyewe haioni kitu. Na tena kwa mwanga wa kawaida jiwe dogo jeupe na kubwa jeusi yaonekana sawa, kwa joto ndo unajua ukubwa wake.

mwalimu_likoni: Mimi kinachonifurahisha zaidi, hizo picha hazikupigwa kutafuta asteroidi kabisa! Zilikuwa za nyota TRAPPIST-1, miaka 40 hivi ya mwanga, wakichunguza sayari zake. Watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani wakazichukua hizo hizo. Kwenye picha moja jiwe dogo limezama ndani ya chenga huwezi kuliona, kwa hivyo wanazisogeza picha kufuata njia ambayo jiwe huenda linapita halafu wanazilundika pamoja, kompyuta inajaribu njia baada ya njia, na ikipatia jiwe linajitokeza. Wamepata mapya 138, ikatoka kwenye jarida la Nature Desemba 2024.

mtoto_wa_kibokoni: Mashallah!! Na Hubble, ile darubini nyingine ya angani, je? Na mimi na bainokula yangu naweza kuona hata moja?

bahari_na_nyota: Hubble nayo huzinasa, zinaacha michirizi iliyopinda kwa vile yenyewe yazunguka dunia kila dakika 95 hivi, na ule mpindo ndo unasaidia kupima umbali. Watu wa kujitolea zaidi ya 11,000 walipitia picha zake mtandaoni, kompyuta ikafundishwa kwa kazi yao, na kwa jumla ikapatikana michirizi 1,701.

Wewe anza na Vesta, asteroidi moja kubwa, miezi ile iko karibu na dunia bainokula yatosha, ila toka mjini, taa za Nyali zinaharibu anga, Msambweni ni afadhali. Utaona vinukta tu, vichore vyote kwenye karatasi, kisha baada ya siku mbili tatu rudi uangalie kipi kimehama.