Aliyesema kila kitu ni maji, kwa nini anaitwa baba wa sayansi?

Mtu wa Kirumba
Wakuu habari za jioni. Dogo wangu yuko form five, jana kanisomea eti kuna Mgiriki anaitwa Thales wa Mileto (pwani ya Uturuki ya leo), kama miaka 2600 iliyopita, alisema asili ya kila kitu ni maji na dunia yenyewe inaelea juu ya maji. Mimi nimekulia mwaloni, maji nayajua, nikiona dagaa zimeanikwa siku mbili hata tone hazina. Sasa mtu kakosea hivyo sifa za nini?

Ticha Igoma
Mkuu usiangalie jibu, angalia alivyolitafuta. Enzi hizo tetemeko likipiga Wagiriki wanasema Poseidon kakasirika, habari imeisha, utabishana vipi na mungu? Thales akasema ni maji ya chini yanayumbisha ardhi kama mtumbwi. Kakosea ndio, ila hilo linabishiwa, na Anaximander wa mji huohuo akabisha kweli: dunia haijabebwa na chochote, imetulia katikati haina sababu ya kuangukia huku wala kule. Kaja Anaximenes naye, hapana, ni hewa, ikibanwa inapoa ikiachiwa inapata joto. Achama mdomo upulizie kiganja, halafu bana midomo upulize tena. Umeona? Sababu aliikosea, ule upepo mwembamba unakokota hewa ya nje ndo maana unapoa, ila si umejaribu mwenyewe hapo ulipo?

Mama Dagaa
Halafu hao jamaa walibishana mpaka maji yetu bila kujua. Mto Nile ulikuwa unafurika Misri miezi ambayo mito ya kwao imekauka, wakawa wanaumiza kichwa. Anaxagoras, Mgiriki mwingine, akasema ni theluji ya Ethiopia inayeyuka, Herodotus yule mwanahistoria akamcheka, theluji itoke wapi kwenye joto lile. Ziwa letu hili la Victoria, Nile inakotokea, hakuna kati yao aliyelijua, Speke yule mpelelezi Mwingereza mwenyewe kafika hapa Mwanza Agosti 1858.

Bwiru Boy
Kumbe mafuriko ya Farao yalitoka kwetu!! 😂

Mama Dagaa
Wee, usijipe sifa. Ya kwetu yanatokea Jinja, Uganda, mwaka mzima bila kubadilika sana, kilichokuwa kinafurisha ni mvua za Ethiopia kuanzia Juni hivi. Kwa hiyo Anaxagoras nchi aliipatia, theluji ndo ikamwangusha.

Bwiru Boy
Ila Misri na Babeli walikuwa wanahesabu nyota kitambo, Wagiriki wameokota huko wakapewa wao jina.

Ticha Igoma
Kuokota wameokota, hata Thales inasemwa jiometri kaitoa Misri. Hapo sibishi.

Mtu wa Kirumba
Aisee tumepuliza viganja nyumba nzima mpaka mama watoto kauliza tumerogwa na nani. Sasa dogo kanikomesha, anasema kama kila kitu ni hewa, mtu akipuliza chai anaipoza au anaiongeza? Ticha rudi huku.