Volkswagen Kombi 1600 ya kulala ndani (kampa) haitulii sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta): nikarabati kabureta yake ya Solex, ninunue kopi yake au nifunge kabureta mbili?

Mkazi_Kigamboni: Wakuu, ni Kombi ya 1974, injini 1600, kabureta moja Solex 34 PICT-3. Ikiwa baridi iko sawa. Ikishapata moto sailensi inapanda na kushuka, na kwenye taa za Mwenge inazima. Mafundi watatu, majibu matatu, kama kichwa cha mada kinavyosema. Nianze na lipi?

PlagiNne: Mkuu, usinunue kitu bado. Hiyo ni dalili ya upepo kuingia bila kupitia kabureta. Ikiwa baridi, choki inaongeza mafuta na kuinua mzunguko, ndiyo maana tatizo linajificha. Injini ikiwa inaunguruma, puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye ile mipira miwili ya manifoldi (mabomba ya kupeleka hewa na petroli kwenye injini), kulia na kushoto, kisha kwenye gasketi iliyo chini ya kabureta, kisha mpira wa busta ya breki kama ipo. Mlio ukibadilika, hapo ndipo panapovuja. Usipulize karibu na ekzosi, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi. Kagua mipira ile upande wa chini hasa, maana hupasuka kule ambako macho hayafiki.

Shaba_Bati: Naunga mkono. Halafu shika mhimili wa throtoli (kibati ndani ya kabureta kinachofunguka ukikanyaga mafuta), utikise. Mhimili ukicheza, kiti (seti ya vipuri) ya ukarabati pekee haitakuponya: ina gasketi, diaframu na sindano ya floti, bushi hamna. Mpelekee mwenye mashine ya lethi atie bushi za shaba. Mimi nachagua hili: bodi ya zamani, bushi mpya.

Spea_Gerezani: Kopi ifikirie tu kama bodi yako imepasuka. Kabla ya kulipa, laza kitako chake juu ya kioo uone kama kimenyooka, na soma namba za jeti (vitundu vya kupimia petroli) ulinganishe na za zamani. Kabureta mbili kwa injini ya kawaida ni mzigo: zinadai kulinganishwa upepo mara kwa mara, na fito za kuvuta throtoli zake zikipishana kidogo tu sailensi inaharibika tena.

Mkazi_Kigamboni: Nimeelewa. Nikishaziba panapovuja, naisetije sailensi?

PlagiNne: Anza na nafasi ya valvu, 0.15 mm injini ikiwa imepoa kabisa, na ya platini (kontakti za ndani ya distributa) 0.4 mm. Hewa yetu ya chumvi hula platini, zisafishe au badilisha. Kisha ipashe moto mpaka choki ifunguke yote. Skrubu ndogo ya mchanganyiko ifunge taratibu hadi ikae, bila kukaza, halafu irudishe mizunguko miwili na nusu. Kwa skrubu kubwa ya upepo weka mizunguko 850 kwa dakika. Fungua ndogo hadi mzunguko ufike juu kabisa, ifunge mpaka ushuke 20 hadi 30, kisha rudisha 850 kwa ile kubwa. Skrubu ya mkono wa throtoli msiiguse kabisa! Mafundi wengi huinua sailensi kwa hiyo. Throtoli ikibaki wazi, njia ya sailensi haifanyi kazi na taimingi (wakati wa cheche) inasogea.

Shaba_Bati: Na solenoidi ya kabureta (valvu ya umeme inayofungua petroli ya sailensi): washa swichi bila kustati, chomoa waya wake, rudisha. Usikie "tik". Ikinyamaza, pima kama umeme wa volti 12 unafika kabla ya kuilaumu. Ikilia na bado gari inazima ukiachia pedali ya mafuta, fungua jeti ya sailensi. Kutu ya tanki kuukuu huziba hapo kwanza, kwa hiyo weka na filta mpya ya petroli.