Hosteli ya chuo au chumba cha mtaani Uingereza? Naomba ulinganisho

Mwanga_Kusini
Habari za jioni wakuu. Nimepata nafasi ya masters Uingereza, masomo yanaanza mwishoni mwa Septemba. Chuo kimenitumia fomu ya hosteli, paundi 165 kwa wiki, nijibu ndani ya wiki mbili. Mtandaoni naona vyumba vya mtaani kwa paundi 120. Kwa mtu anayetokea Kigoma, paundi 45 kila wiki si hela ndogo. Nichukue kipi?

Isevya_TBR
Mkuu, umeacha yote ya maana. Mji gani? Masters ya darasani au ya utafiti? Nani analipa? Unakwenda peke yako? Hiyo 165 ina umeme, maji, joto na intaneti ndani yake? Na mkataba ni wa wiki ngapi? Usipojibu hayo tutabahatisha tu.

Mwanga_Kusini
Samahani. Ni Leeds, masters ya darasani, mwaka mmoja. Nusu ya ada nimefadhiliwa na chuo, iliyobaki na matumizi najilipia. Mke na mtoto nilipanga wanifuate Januari. Hosteli bili zote zimo. Wiki sikuangalia.

Gungu_Juu
Hapo kwa familia simama kwanza. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masters ya darasani haruhusiwi kuleta mke wala watoto kwa viza yake. Wanaoruhusiwa ni wa PhD, wa masters za utafiti, na wenye ufadhili wa serikali. Ufadhili wa chuo wa nusu ada haukuingizi humo. Pole sana, ila ni heri ulijue leo, kabla hujatafuta nyumba ya vyumba viwili.

Isevya_TBR
Sasa hesabu. Kule kodi hutajwa kwa wiki, na watu huzidisha kwa nne. Ni kosa. Zidisha kwa 52, gawa kwa 12. Paundi 120 kwa wiki ni 520 kwa mwezi, si 480. Hiyo 165 ni 715.

Halafu wiki za mkataba. Vyumba vingi vya hosteli vimepangwa kwa kalenda ya wanafunzi wa digrii ya kwanza, wiki 42 hadi 44, mwisho wake huwa Julai. Wewe tasnifu yako utaikabidhi Agosti au Septemba. Mkataba wa wiki 44 utakutoa chumbani katikati ya kuandika. Omba wa wiki 51. 165 mara 44 ni 7,260, mara 51 ni 8,415. Ndiyo bei yenyewe.

Na kuna jambo la viza. Kwa viwango vya tangu Novemba 2025, nje ya London unatakiwa kuonyesha paundi 1,171 kwa mwezi kwa miezi 9, yaani 10,539, pamoja na ada iliyobaki, na hela ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka. Ikishuka hata siku moja, unaanza kuhesabu upya. Ulichokwisha kulipia hosteli ya chuo hupunguzwa kwenye kiasi hicho, mwisho 1,529. Ukimlipa mwenye nyumba wa mtaani, hakipunguzwi chochote.

Katubuka
Mimi nasema mtaani, ila mtu asilipe akiwa Kigoma. Fikia hosteli ya muda siku kumi, kague kwa macho yako. Sogeza kabati utazame ukuta nyuma yake, kwani ukungu mweusi huanzia kwenye kona isiyopata hewa na rangi mpya huuficha mwezi mmoja tu. Washa joto usubiri vyuma vya ukutani vipate moto hadi juu. Fungua maji ya moto. Kisha uliza kama wote wa nyumba hiyo ni wanafunzi wa muda wote. Wakiwa wote wanafunzi, nyumba haidaiwi kodi ya halmashauri. Akiwemo hata mmoja mfanyakazi, bili inakuja, na ugomvi unakuja nayo.

Dhamana, ile hela anayoshika mwenye nyumba ukiharibu kitu, kisheria haizidi kodi ya wiki tano, kwako 600, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mfuko unaotambulika ndani ya siku 30. Dai cheti.

Cheyo_B
Katubuka, hujamwambia kuhusu mdhamini. Wenye nyumba wengi wanataka mdhamini anayeishi na kufanya kazi hukohuko. Atampata wapi? Aulize kama chuo chake kina mpango wa kudhamini wanafunzi wa nje.

Na kuhusu kulipa kabla ya kufika, kuna kijana wa hapa Tabora aliona chumba mtandaoni, picha nzuri, 95 kwa wiki, bili zote ndani. "Mwenye nyumba" akasema yuko kikazi nje ya nchi, hawezi kumwonyesha kwa video, ila ufunguo atautuma kwa posta. Akatumiwa mkataba wenye mhuri na picha ya pasipoti. Akalipa dhamana na mwezi wa kwanza, karibu paundi 800. Amefika usiku na masanduku mawili, nyumba ipo, namba ya mlango ni ileile, mlango akafungua mzee anayeishi humo na familia yake. Picha zilichukuliwa kwenye tangazo la zamani la kuuza nyumba hiyo. Benki haikuweza kurudisha, hela ilishatolewa. Kwa paundi 7 angeweza kuona jina la mmiliki kwenye daftari la ardhi la huko, na kwa kutafuta ile picha mtandaoni angeliona tangazo lenyewe. Ukiambiwa ufunguo utakuja kwa posta, acha.

Gungu_Juu
Asisahau kifua kikuu. Kutoka Tanzania, kwa viza ya zaidi ya miezi 6, cheti cha kipimo ni lazima na unakiambatisha unapoomba. Kipimo kinafanyika Dar, cheti kinadumu miezi 6. Ukipanda treni kutoka Kigoma, panga siku za kukaa Dar ili kipimo na alama za vidole viishe safari moja.

Ujiji_Mjini
Na dagaa? Samaki mkavu wa kula mwenyewe anaruhusiwa kuingia, nyama na maziwa hapana.

Katubuka
Kwenye hosteli dagaa watamletea kesi. Watu wanaegesha kiti kwenye mlango wa jikoni ubaki wazi, moshi unaingia kwenye korido, king'ora kinalia, jengo zima mnasimama nje kwenye baridi. Mlango ufungwe, dirisha lifunguliwe, moto mdogo. Na jiko la kupikia wali usiliweke chumbani, hosteli nyingi zimekataza.

Mwanga_Kusini
Asanteni sana. Nimewaandikia chuo. Hiyo 165 ni wiki 44 kweli. Ya wiki 51 ipo jengo jingine kwa 178, vimebaki vichache. Yaani 9,078. Hapo mtaani panaanza kunivuta tena. Nina siku nane za kujibu.

Isevya_TBR
Kabla ya kujibu, uliza kama 44 inaweza kuongezwa kiangazi kwa wiki. Vyuo vingine huruhusu.

Ujiji_Mjini
Na mawese usiyaweke kwenye chupa ya mdomo mwembamba. Kwa baridi ya kule yataganda humo na hayatatoka. Chukua kopo la mdomo mpana, uchote kwa kijiko.